Mshale wa Mama Nthenya

Tuseme ukweli mapema, msomaji asije akamwaga machozi mahali pasipostahili: mjinga wa siku ile alikuwa Mutie. Si Mama Nthenya, mjane wa Matiliku aliyemwandalia chai. Si Samatar, mfanyabiashara wa mifugo wa Emali aliyekuwa na pesa na hamu ya kuzitumia. Ni Mutie mwenyewe, mwana wa Kitui, mtu aliyewahi kuwauzia wananchi wa kaunti mbili vitu ambavyo havikuwepo, na vingine vilivyokuwepo ila havikuwa vyake. Alipigwa akiwa macho, ameshiba, mchana kweupe, kalamu mkononi.

Mutie hakuwa fundi wa magari. Alikuwa daktari wa injini. Tofauti kati ya hao wawili ni kwamba fundi huchafuka. Mutie alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na shingoni alining'iniza ile mipira ya daktari ya kusikilizia kifua, ambayo aliipata kwa njia ambazo hazituhusu. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na spana mbili, kitabu chenye karatasi ya kaboni na muhuri wa mviringo uliosema MAABARA YA INJINI, KITUI. Maabara yenyewe ilikuwa ndani ya muhuri huo na haikuwahi kutoka nje.

Lakini mali yake kubwa ilikaa mfukoni, imefungwa kwa kitambaa. Ilikuwa sensa, yaani kihisio cha oili, iliyokufa zamani, kidude kidogo kuliko yai la kuku. Kila injini ina kidude kama hicho ubavuni. Kinapima oili inasukumwa kwa nguvu gani, kisha kinapeleka habari kwa waya mpaka kwenye geji ya dashibodi, na mshale unapanda au unashuka. Ukikitoa kizima ukaweka kilichokufa, mshale hulala kwenye sifuri hata kama injini imefunguliwa yote na kufungwa upya jana. Mwenye gari akiona mshale umelala, naye hutaka kulala. Hapo ndipo daktari huingia na koti lake. Baada ya siku mbili za matibabu, kidude kizima hurudi mahali pake, mshale huamka, na daktari husindikizwa na jogoo aliyefungwa miguu.

Jumanne moja Mutie alikuwa Emali, kwenye hoteli iliyo karibu na soko la mifugo, akinywa chai ambayo alipanga mtu mwingine ailipie. Meza ya pili alikaa Samatar. Huyu alikuwa ameendesha lori miaka mingi kabla ya kuanza kununua mbuzi, na sasa mbuzi walikuwa wamemnunulia malori yake mwenyewe. Alikuwa anamweleza mwenye hoteli kwamba kijana wake anaoa mwezi ujao, na anataka bwana harusi aletwe na Pijo 404 kama ile ambayo baba yake Samatar alirudi nayo nyumbani zamani, wazee wakatoka nje kuigusa. Ameona nyingi, alisema, lakini zote injini zimeoza. Anataka iliyofungwa upya. Akiipata, atatoa bei ya Probox mbili, zile gari za mizigo midogo, na hatabishana.

Neno "hatabishana" lilifanya chai imkwame Mutie kooni. Alikohoa, akafuta mdomo, akahamia meza ya pili na kikombe chake.

"Bwana mkubwa," akasema, "hiyo gari unayoitafuta ninaijua kwa jina na kwa boma. Kesho jioni itakuwa mlangoni pako."

Samatar alitazama koti jeupe, akatazama mipira ya shingoni, akauliza kama gari hilo ni gonjwa. Mutie akajibu kwamba lina afya kuliko wao wawili.

Na kweli alijua lilipo. Pale Matiliku, chini ya kibanda cha mabati, palikuwa na Pijo 404 la rangi ya maziwa, mali ya marehemu Muthama, aliyekuwa afisa wa kilimo. Muthama alipostaafu, alitumia sehemu kubwa ya malipo yake kulifunga injini upya, na tangu siku hiyo hakuna Jumapili aliyoinuka kutoa ushuhuda kanisani bila kulitaja. Sasa yeye alikuwa amelala, na gari lilikuwa la mjane wake.

Shida ya Mutie ilikuwa moja: hakuwa na kitu cha kununulia gari. Alikuwa na Probox, au tuseme kweli, Nduku mkewe alikuwa na Probox. Nduku aliinunua kwa chama cha akina mama cha pale Wote, na kwa gari hiyo alikusanya ndengu na mbaazi vijijini akapeleka sokoni. Mlangoni iliandikwa NDUKU NDENGU NA MBAAZI, na chini yake namba ya simu yenye tarakimu kubwa ambazo mtu asiye na miwani angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Usiku ule Mutie alimwambia mkewe kwa sauti ya huzuni kwamba mjomba wake amefariki Kitui, na sharti aende matanga. Mjomba huyo alikuwa ameshafariki mara mbili, lakini Mutie aliamini kwamba Nduku hakuwa akihesabu.

Nduku alimpa funguo na sharti. Alhamisi alfajiri anapeleka ndengu sokoni, na mnunuzi ameshaahidiwa. "Nenda uzike," akasema. "Lakini ukirudi bila hiyo gari, usirudi."

Mutie akacheka, kwa sababu alijua atarudi na nyingine mpya zaidi, na ya pili yake nyuma.

Jumatano saa nne asubuhi aliingia bomani kwa Mama Nthenya. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, anapepeta ndengu, na nyuma yake stoo ilikuwa imejaa magunia mpaka mlango haufungi. Alikuwa shemasi wa kanisa na mkubwa wa akina mama, mwanamke mwenye uso wa mtu asiyewahi kusema uongo. Na kweli hakuwahi. Jambo hilo ndilo lililommaliza Mutie, kwa maana alikuwa amejizoeza kujikinga na waongo peke yao.

"Mwaitu," alimwamkua, akimwita mama kwa Kikamba ili mlango ufunguke upesi. Akajieleza: anazunguka akipima injini za zamani bila malipo, hasa za wajane, kwa sababu yeye mwenyewe alilelewa na mjane. Mama yake mzazi, aliyekuwa Kitui siku hiyo akipika na mumewe yu hai pembeni, hakuwepo kukanusha.

Mama Nthenya aliweka ungo chini na kumpeleka kibandani. Gari lilikuwa safi. Viti vilifunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na kwenye dashibodi palikuwa na karatasi ya mstari wa Zaburi, geji ikiwa katikati yake.

Mutie alimwuliza, kwa upole wa daktari, kama gari limewahi kulalamika.

"Mimi mambo ya injini sijui," Mama Nthenya akasema. "Najua huo mshale tu. Tangu fundi aliyeifunga injini aweke kile kidude cha ubavuni, haujawahi kuteremka. Hata kabla sijawasha gari, nikitia ufunguo tu, uko juu." Akatia ufunguo, akauzungusha hatua moja, na kabla injini haijanguruma hata kidogo mshale ukapanda na kusimama katikati, imara kama askari langoni. "Unaona? Yule fundi aliniambia, mama, hiki kitakupa amani."

Mutie alitabasamu. Alipenda sana wanawake wanaosifu mshale kama wajukuu zao. Akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, na oili ikatoka nacho nzito kama asali ya mzinga wa mwaka jana, ikagoma kudondoka.

"Namwekea ile ya trekta," Mama akasema. "Nyepesi inamfanya alie."

Mtu mwingine, kwa mfano mtu yeyote, angeuliza gari hulia namna gani. Mutie aliona upendo tu. Mjane anayelilisha gari oili ya trekta, alijiambia, atalia kweli akiambiwa limekufa.

Akaomba maji ya moto ya kuoshea masikio ya kifaa chake. Mama Nthenya alipokwenda jikoni, Mutie alifanya kazi ile ambayo mikono yake iliijua kuliko mdomo unavyoijua njia ya sahani: spana, zungusha, toa kidude cha mama, weka kilichokufa, rudisha waya, pangusa. Mama aliporudi na birika, daktari alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma.

Akawasha gari. Injini ikaitika. Mshale ukabaki sifuri.

Mama Nthenya aliuinamia. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika, na Mutie, aliyekuwa bingwa wa kusoma nyuso, alisoma hofu. Wacha tumwache na kusoma kwake. Alitia mipira masikioni, akagusisha ule upande mwingine chini ya injini, akafumba macho. Ndani alisikia ngo, ngo, ngo, mlio mzito, wa chini, kama mtu anayetwanga mahindi kwenye nyumba ya jirani. Kwa kuwa hakuwahi kusikiliza injini hata siku moja maishani mwake, alidhani ni moyo wake mwenyewe, unaruka kwa furaha.

Alizima gari, akavua mipira polepole.

"Mwaitu, sijui nianzie wapi. Gari yako ina presha ya chini."

"Mimi nina ya juu," Mama Nthenya akasema. "Tumekuwa tukifaana."

Mutie akampa hotuba. Alimwelezea kwamba presha ya oili kwa injini ni kama ya damu kwa mtu. Kwamba aliyefunga injini hiyo alichonga shafti ya ndani vibaya, beringi zikabaki na nafasi, na sasa oili inapita hapo bila kuzuiliwa, kama maji kwenye mtaro uliobomoka. Chuma kinasaga chuma. Wiki mbili zikipita, injini itajishika na haitageuka tena mpaka ufufuo. Maneno hayo aliyakariri kutoka kwa fundi mmoja wa Machakos, na hakuyaelewa hata moja, lakini aliyasema kwa uchungu mkubwa.

"Una hakika?" Mama Nthenya aliuliza.

"Imekufa, mwaitu. Ni vile tu haijaambiwa."

"Unaweza kuandika hivyo?"

Mutie alishangaa kidogo. Watu wengi hapo huanza kulia. Huyu alikuwa na mwanga machoni ambao hakuwahi kuuona kwa mgonjwa yeyote. Alijibu kwamba anaweza kuandika, na muhuri atapiga. Kisha akashusha pumzi, akatazama magunia ya ndengu yaliyokosa gari la kuyabeba, akasema kwamba yeye ni binadamu, hawezi kumwacha mjane hivi hivi. Ataubeba huo mzoga akauze vipuri. Naye mama abaki na Probox ile pale, yake mwenyewe, nzima, inayowaka bila kubembelezwa.

Mama Nthenya alikaa kwenye ngazi ya stoo. Alijifuta macho kwa ncha ya leso, na mabega yake yakatikisika. Mutie aliangalia pembeni ili asimwaibishe.

"Utaichukua ikiwa imekufa?" Mama akauliza.

"Nitaichukua hivyo hivyo."

"Ukijua?"

"Nikijua, mwaitu. Si mimi ndiye nimekuambia?"

"Basi Mzee Mwau aitwe."

Pale Matiliku huwezi kumpa mtu hata torori likawa lake bila kuandikishana. Mnaketi, chai inakuja, mzee mmoja anayejua kusoma kwa sauti anaandika, kila neno linasomwa mbele ya wote, kisha jambo linafungwa kwa maombi. Baada ya hapo hata chifu halifungui. Mzee Mwau, mzee wa kanisa, alifika na Biblia na daftari, akavaa miwani iliyofungwa kwa kamba, akaanza. Alinakili namba za magari yote mawili, rangi, magurudumu, ufa wa kioo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutoacha kitu, akanakili pia maandishi yote ya mlango wa Probox mpaka tarakimu ya mwisho. Mutie alimwambia kitabu cha gari, kile chenye jina la mwenye mali, kitafuata wiki ijayo. Mzee Mwau aliandika kwamba kitafuata wiki ijayo.

Ripoti ya Maabara ilisomwa. Mama Nthenya aliomba kitu kimoja tu kiongezwe, kwamba mchukuaji ameuona ubovu wote kwa macho yake na hakuambiwa na mtu. Mutie aliona hilo ni pambo zuri. Tena kwa ukarimu akaongeza la kwake, kwamba hata giaboksi ina dalili za kukata tamaa. Akapiga muhuri mara tatu. Walipoomba, Mzee Mwau alimwambia Mungu kwa urefu kwamba injini hii imekufa na Yeye ameona, na aliyeitangaza yupo hapa na kalamu yake. Mutie alisema amina kwa sauti iliyowatisha kuku.

Alitoka bomani akiliendesha 404 taratibu, kama mtu anayesindikiza jeneza. Nyuma ya kona ya pili alisimama, akafungua boneti, akatoa kidude kilichokufa na kurudisha kile cha mama. Akaketi na kutia ufunguo. Mshale ukapanda papo hapo, kabla hata hajaiwasha injini. "Angalia," Mutie akaliambia gari, "hata wewe una hamu ya kwenda."

Alishika barabara ya Emali akiimba. Kilomita tano za kwanza zilikuwa tamu. Kichwani alikuwa ameshamnunulia Nduku Probox nyingine, ameshanunua ya pili, na alikuwa anachagua rangi ya koti jipya. Kisha jua likapanda, injini ikapata moto, na ile oili ya trekta, iliyokuwa asali, ikaanza kuwa maji. Ngo, ngo, ngo. Mutie alidhani ni jiwe kwenye gurudumu. Akashuka, akakagua, hakuna. Akaendelea. Ngongongo. Alitazama mshale: uko katikati, imara, hauna wasiwasi na mtu. Akaimba kwa nguvu zaidi. Kufika Emali alikuwa anaimba kwa sauti ambayo wachuuzi wa barabarani walidhani ni ya mhubiri mgeni, na chini ya boneti palibishwa kama na mtu aliyefungiwa ndani ya tangi.

Samatar alikuwa kwenye uwanja wake, kati ya mbuzi na malori. Alilizunguka gari mara mbili, akaligusa mgongo kwa kiganja, na kwa muda macho yake yalikuwa ya mtoto. Mutie akazima injini na kumwonyesha dashibodi, akamwambia aone mwenyewe presha ilivyosimama.

Samatar aliingia na kukaa. Akazungusha ufunguo hatua moja tu, bila kuwasha. Mshale ukapanda. Akaurudisha. Ukashuka. Akazungusha tena. Ukapanda.

"Ndugu," Samatar akasema, "injini imelala. Hii presha inatoka wapi?"

Mutie aligonga kioo cha geji kwa kidole, kana kwamba mshale ndio ulioulizwa.

"Miaka mingapi mimi naangalia mbuzi?" Samatar akaendelea bila kupandisha sauti. "Mbuzi akisimama wima akiwa hai, namnunua. Akisimama wima akiwa amechinjwa, nakimbia."

Alitoa geji ya kweli kwenye sanduku la spana za lori, ile yenye mpira wake wenyewe, isiyotegemea waya wala maneno ya mtu. Akakitoa kile kidude cha mama, akafunga mpira mahali pake, akawasha. Sindano ya geji ilitikisika, ikajaribu kuinuka, ikaona kazi ni kubwa, ikalala. Kile kidude cha mama kilikuwa kimeganda zamani. Kingesema presha ipo hata ukikitia mfukoni. Samatar alizima injini kwa huruma, akamweleza Mutie ugonjwa wenyewe: shafti imechongwa vibaya, beringi zina nafasi, oili inapita bila kuzuiliwa. Neno kwa neno. Mutie alijikuta akiitikia kwa kichwa, kwani ripoti hiyo aliifahamu vizuri. Alikuwa na nakala yake ya kaboni mkobani.

Hebu tumpe heshima inayomstahili: huenda ni daktari pekee wa Ukambani aliyetoa uongo mtupu na ukatoka ukweli mtupu.

Usiku alilala ndani ya marehemu 404. Simu aliiweka kifuani, akingoja Nduku apige amtukane, lakini Nduku hakupiga hata mara moja, na hilo lilimnyima usingizi kuliko kama angepiga mara ishirini. Alhamisi asubuhi lori moja la Samatar lilikuwa linaelekea Matiliku kuchukua mbuzi, na dereva alikubali kuliburuta 404 kwa kamba. Nauli ilikuwa ile mipira ya daktari. Samatar alisema kuna ngamia mmoja anakohoa.

Alipofika bomani saa tatu ilikuwa imepita. Probox ilikuwa uwanjani, milango wazi, imejazwa magunia ya ndengu mpaka paa. Mama Nthenya alikuwa anafunga gunia la mwisho. Mzee Mwau aliketi kivulini na chai, daftari gotini. Kwenye kigoda kati yao simu ya mama ilikuwa imelala chali, na hakuna aliyeitilia maanani.

Mutie alimfungulia mama moyo kwa kelele. Kwamba ameuziwa gari bovu. Kwamba injini imekufa, shafti imeisha, kidude kimeganda, na mtu mzima, shemasi tena, angewezaje kumfanyia hivi mtoto wa watu.

Mama Nthenya alimaliza fundo lake kwanza.

"Nilikuambia mshale uko juu hata kabla ya kuwasha," akasema. "Nilikuambia namwekea ya trekta asilie. Ulitaka nikuambie kwa Kifaransa?"

Akamweleza, bila hasira. Watu wanne walikuja kuitaka hiyo gari kabla yake. Kila mmoja aliambiwa kweli yote, kwa sababu yeye ni shemasi na hawezi kuuza kitu kibovu akanyamaza. Wote wanne walikimbia. Ndengu zikaendelea kuoza stoo kwa kukosa gari. Ndipo akapiga magoti akaomba aletewe mtu ambaye ataujua ubovu mwenyewe, autangaze mwenyewe, na bado aitake. "Ukaja na koti jeupe," akasema. "Nililia kwa furaha. Mabega hayakuacha kutetemeka mpaka jioni."

Mutie alibadilisha njia, kwani njia hakuwahi kukosa. Akasema basi akiri mbele ya Mzee Mwau: ile ripoti ilikuwa ya uongo. Aliitunga. Yeye si daktari wa kitu chochote, maabara haipo, na kidude alikibadilisha mama akiwa jikoni. Kwa hivyo makubaliano yameharibika, na kila mtu achukue gari lake.

Mzee Mwau aliandika yote hayo, akilamba kidole kufungua ukurasa mpya. Kisha akatazama juu ya miwani.

"Kama ripoti ilikuwa ya uongo," akasema Mama Nthenya, "basi injini ni nzima. Ondoka nayo. Na kama ripoti ni ya kweli, uliichukua ukijua, ukasema amina. Unalalamikia ipi kati ya hizo mbili?"

Mutie alijaribu mlango wa mwisho: Probox si yake, ni ya mke wake, hakuwa na haki ya kuitoa.

"Hiyo tunajua," Mama akasema. "Namba iko mlangoni. Tulimpigia jana saa kumi kuuliza kitabu cha gari. Mwanamke mzuri sana. Yeye ana gari na wanunuzi, mimi nina ndengu. Amekuja na basi alfajiri, tumeelewana, na sasa yuko sokoni anawashikilia hao wanunuzi mpaka mzigo ufike."

Mutie aliitazama simu iliyolala kwenye kigoda, na ndipo akaona ile taa ndogo ya kijani inayoonyesha kwamba kuna mtu upande wa pili.

"Nduku," akasema, akikiinamia kigoda, "wacha nikueleze."

"Huna cha kunieleza," simu ikasema. "Uliniaga unaenda matanga. Kaa na marehemu mpaka azikwe."